Chupa Iendayo Maabara Irudi na Jibu

Katika miteremko ya Mlima Meru maji hayakosi sifa. Ni ya baridi, nayo hushuka kutoka msituni kwa mifereji ambayo kizazi kimoja hukirithisha kingine, yakainywesha migomba, mibuni, mahindi na maharagwe. Mgeni atokaye nchi ya ukame akiyaona atawahesabu wenyeji wake kuwa watu waliobarikiwa. Lakini mgeni huyo akikaa siku mbili tatu, na watoto wakamzoea wakacheka mbele yake, ataona meno yenye madoa ya kahawia. Na katika baadhi ya vijiji ataona mtoto mwenye matege, ambaye hakuanguka wala hakurithi ulemavu huo kwa wazazi wake. Maji yale yale yaliyomfurahisha ndiyo yaliyofanya kazi hiyo.

Jambo hili si siri, wala halikugunduliwa jana. Mwaka 1964 waganga wawili, Grech na Latham, waliandika habari za maradhi yaletwayo na madini ya floridi katika Jimbo la Kaskazini la Tanganyika, na maandishi yao yakachapishwa katika jarida la waganga wa maradhi ya nchi za joto huko Uingereza. Mwaka 1984 wataalamu wengine walitoa vipimo vya maji ya sehemu za Arusha zenye floridi nyingi mno: katika mito walikuta miligramu 12 hadi 76 kwa kila lita, katika chemchemi 15 hadi 63, na katika maziwa na mabwawa ya magadi 60 hadi 690. Kiwango ambacho Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri maji ya kunywa yasikipite ni miligramu 1.5 tu. Hayo yote yaliandikwa kwa ustadi mkubwa, lakini yaliandikwa kwa Kiingereza, tena kwa watu wa vyuo. Mama mwenye ndoo kichwani hakuandikiwa.

Kwa hiyo twasema waziwazi kwamba upungufu wetu mkubwa katika jambo hili si upungufu wa vipimo. Ni upungufu wa mazungumzo baina ya yule apimaye maji na yule ayatumiaye. Mtaalamu hufika kijijini na gari, huinama mtoni, hujaza chupa, huibandika karatasi yenye alama, kisha huondoka. Mkulima husimama kando na jembe lake akitazama. Chupa huenda maabara, namba hutoka, namba huingia katika kitabu, kitabu huingia kabatini. Mkulima hurudi mtoni jioni kuchota maji yale yale. Mwaka mwingine huja mtaalamu mwingine na chupa nyingine. Je, ni ajabu mkulima akianza kuwaona watu hawa kuwa ni wakusanyaji wa maji kama walivyo wakusanyaji wa vipepeo?

Tusiharakishe, hata hivyo, kumwita mkulima mjinga. Yeye ana vipimo vyake, navyo ni vya kale kuliko maabara yo yote. Hutazama rangi, huonja kwa ulimi, hunusa, hutazama kama sabuni yatoa povu, hutazama ng'ombe wapendelea kunywa wapi. Mto uitwao Maji ya Chai, ukatizao barabara ya Moshi na Arusha, haukupewa jina na mtaalamu. Ulipewa na watu walioona rangi yake wakatafuta mfano ulio karibu. Vipimo hivyo vya macho na ulimi vimewalinda watu na mengi: matope, uozo, na chumvi iunguzayo mimea.

Bahati mbaya, floridi ni adui asiyeonekana kwa macho hayo. Katika maji haina rangi, haina harufu, wala ulimi hauitambui kwa viwango tunavyovisema. Tena yapo mambo yanayompotosha mkulima kwa sababu ya werevu wake mwenyewe. Maji yenye floridi nyingi aghalabu huwa na chokaa kidogo, na maji yenye chokaa kidogo ndiyo yatoayo povu zuri la sabuni. Kwa hiyo maji ambayo mama ayasifu kwa kufua yaweza kuwa ndiyo mabaya kwa meno ya mwanawe. Hapo pasipokuwa na mtu wa kueleza, uzoefu wenyewe wageuka mtego.

Lakini na wataalamu nao, kwa nia njema, wamewafunga watu kwa maneno yao. Tuyatazame maneno matatu.

Neno la kwanza ni "maji safi". Bwana afya alisemapo maji safi, huwa amekusudia maji yasiyo na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Mkemia alisemapo maji safi, amekusudia maji ambayo madini yake hayakupita kiwango. Mkulima alisikiapo neno hilo huelewa maji maangavu. Watu watatu wasema neno moja, na kila mmoja ana maji yake moyoni. Chemchemi yaweza kusifiwa na bwana afya asubuhi na kukataliwa na mkemia jioni, na wote wawili wakawa wakweli. Mkulima asikiaye sifa asubuhi na lawama jioni hujua tu kwamba wakubwa hawaelewani, naye hufuata shauri la tatu, yaani mazoea.

Neno la pili ni "chemsha". Kwa miaka mingi wananchi wamefundishwa kuchemsha maji, na mafundisho hayo ni mema, yameokoa maisha, wala hatutaki mtu ayaache. Lakini kuchemsha huua vijidudu tu. Floridi haifi kwa moto, kwa kuwa si kitu chenye uhai. Maji yakichemka sana mvuke hupanda na kupungua, nayo floridi hubaki chunguni, ikawa nyingi zaidi katika maji yaliyosalia. Mama achemshaye kwa bidii akidhani amemkinga mwanawe na kila ubaya amefanya sehemu moja ya kazi. Sehemu ya pili hakuambiwa. Yafaa basi kila asemaye "chemsha" katika nchi ya Meru aongeze: "na floridi tutaiondoa kwa njia nyingine."

Neno la tatu ni "kiwango". Viwango vya muda vya maji ya vijijini vilivyowekwa nchini mwaka 1974 viliruhusu floridi hadi miligramu 8 kwa lita. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na sasa kiwango cha Taifa ni 1.5, sawa na kile cha Shirika la Afya Ulimwenguni. Mwenye kisima cha miligramu 6, aliyekuwa ameambiwa kwamba maji yake yamefaulu, baadaye aliambiwa kwamba yameshindwa, hali maji yenyewe hayakubadilika hata tone. Ukweli ni kwamba ile 8 haikuwekwa kwa kuwa ni salama. Iliwekwa kwa kuwa katika sehemu nyingi hapakuwa na maji mengine, na serikali haikuweza kufunga visima watu wakafa kwa kiu. Huo ni uamuzi ambao mtu mzima aweza kuuelewa akielezwa. Asipoelezwa, hudhani kwamba alidanganywa zamani au anadanganywa leo, na mtu aliyedhani hivyo hataamini namba ya tatu.

Basi namba na izungumzwe kwa lugha ya ndoo. Miligramu 1.5 kwa lita ni kitu gani kwa mtu asiyeona miligramu maisha yake yote? Mwambieni hivi: chukua kijiko cha chai kilichojaa chumvi, ambacho uzito wake ni kama gramu 6. Floridi ya uzito huo ikitawanywa sawasawa katika mapipa 20 ya lita 200, ndipo yapatikana maji yaliyo kwenye kiwango. Ukiitia katika mapipa mawili tu, maji hayo yana miligramu 15 kwa lita, yaani mara kumi ya kiwango. Na mito iko huku kwetu yenye maji ya namna hiyo na kuzidi. Mkulima apimaye dawa ya nyanya kwa kizibo na pampu ya mgongoni hatashindwa na hesabu hiyo. Anachanganya dawa na maji kila msimu. Ajua vema kwamba kizibo kimoja kikizidi, majani huungua.

Akiisha kuielewa namba, aweza kuitumia. Wapo wasemao kwamba hakuna faida ya kumwambia mtu maji yake yana floridi iwapo hana chemchemi nyingine, na kwamba habari hiyo italeta hofu bure. Twawajibu kwamba hofu huzaliwa na habari nusu. Jamaa ya watu sita, tukikadiria lita 5 kwa kila mtu za kunywa na kupikia, yahitaji lita 30 kwa siku, yaani ndoo moja na nusu. Maji ya kufulia, ya kuogea na ya kuoshea vyombo hayana sharti la kutoka mbali. Mtu akijua kwamba chemchemi ya juu ina nusu miligramu na bomba la karibu lina miligramu 4, aweza kupeleka punda juu kwa ajili ya ndoo za kunywa peke yake. Aweza hata kuchanganya: ndoo tatu za juu na moja ya bomba hutoa maji yasiyofika miligramu 1.5. Aweza kukinga maji ya mvua kwa bati lake, kwa kuwa mvua ina floridi kidogo sana. Na ikiwa maji mema hayatoshi watu wote nyumbani, aweza kuyaweka kwanza kwa watoto wadogo, maana meno ya kudumu huharibika wakati yakiumbwa ndani ya ufizi, katika miaka minane hivi ya mwanzo, na doa likiisha kuingia halisuguliki. Mifupa nayo huendelea kujaza floridi mwaka hata mwaka, kwa mtoto na kwa mtu mzima pia. Hayo yote ni maamuzi ya nyumbani, ambayo hakuna mtaalamu awezaye kuyafanya kwa niaba ya mwenye nyumba.

Vivyo hivyo kwa shamba. Kuna wakulima waogopao kuzungumza juu ya floridi wakidhani kwamba wanunuzi wa nyanya za Ngarenanyuki watazikimbia. Lakini mimea mingi huvuta floridi kidogo tu kwa mizizi yake, ingawa mchai ni mmoja wa ile iivutayo sana na kuiweka majanini. Maji yafaayo shamba si lazima yafae mtungi, na yasiyofaa mtungi si lazima yaharibu shamba. Kuna swali la mtungi na kuna swali la mfereji, na kila moja lahitaji jibu lake. Mtaalamu ayachanganyaye mawili hayo humtia mkulima hasara. Mkulima akataaye kupimiwa kwa kuogopa soko humtia mwanawe hasara.

Sasa twageukia upande wa pili, kwa maana mazungumzo si hotuba. Mkulima naye anayo ya kumfundisha mtaalamu. Floridi katika mto haikai mahali pamoja mwaka mzima. Mvua huizimua, na kiangazi huiongeza. Aliyechukua chupa moja mwezi wa Aprili ameujua mto wa Aprili. Anayeujua mto wa miezi 12 ni yule alimaye kandokando yake. Yeye ajua chemchemi ipi hukauka, ipi hubadilika ladha, na mfereji upi huchanganyika na upi juu ya kijiji. Chemchemi mbili zilizo karibu zaweza kutofautiana sana kwa floridi, kwa kuwa maji ya kila moja yamepita katika miamba mingine ya mlima huu wa moto. Nani atamwonyesha mtaalamu chemchemi ndogo zisizo katika ramani, kama si mchungaji?

Tena ipo habari ya magadi. Wataalamu waliokuwa wakipima maji peke yake walikuta mahali ambapo maji yalikuwa na floridi kidogo, lakini meno ya watoto yalikuwa na madoa. Jibu lilikuwa chunguni. Katika miaka ya 1990 uchunguzi uliofanywa nchini ulionyesha kwamba magadi yatiwayo katika maharagwe na mahindi ili yaive upesi huleta floridi kwa wingi. Mama ye yote wa Arusha au Kilimanjaro angaliweza kumwambia mtaalamu siku ya kwanza kwamba hupika kwa magadi, lau angaliulizwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza kwamba mwenye shahada naye yumo katika methali hiyo.

Habari ya mkaa wa mifupa yafundisha neno lilo hilo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuondoa floridi kwa mifupa ya wanyama iliyochomwa katika tanuri, ikapondwa na kutiwa katika ndoo ya kuchujia. Ni njia nzuri, na vitu vyake hupatikana nchini. Pia ilijaribiwa njia ya shabu na chokaa, iliyopewa jina la Nalgonda kwa ajili ya mahali huko India. Lakini mwananchi apewapo chujio la mifupa huuliza: ni mifupa ya mnyama gani? Je, Mwislamu aweza kuwa na hakika kwamba si ya nguruwe? Maswali hayo hayatokani na ujinga. Ni ya mtu mwenye dini na heshima yake, yakistahili jibu kabla ya chujio kufika, si baada ya kuachwa kona ya nyumba. Swali lingine ni zito zaidi: chujio hili litachoka lini? Mkaa hujaa floridi baada ya muda, ukaacha kushika, wala maji hayabadiliki rangi wala ladha ili kutoa habari. Kwa hiyo mtu aweza kunywa maji mabaya kwa mwaka mzima akiliamini chujio lililokwisha nguvu. Chombo kisichokuwa na mtu wa kukipima tena ni ahadi isiyo na shahidi.

Akili za kufanya kazi hii tunazo hapa hapa nchini. Chuo cha Nelson Mandela cha sayansi na teknolojia kimesimama katika Arumeru hiyo hiyo, na mwalimu wake mmoja, Dkt. Askwar Hilonga, alipata mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Uhandisi itolewayo na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa ajili ya chujio la maji. Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, uliundwa mwaka 2019, nao una vyombo vya watumia maji hadi vijijini. Maana yake ni kwamba baina ya maabara na mtungi hakuna bahari. Kuna safari ya saa chache tu, ambayo jibu halijazoea kuifunga.

Twatoa basi mashauri haya. Kwanza, mtu ye yote achukuaye maji ya kijiji kwa kupima, awe wa serikali, wa chuo au mgeni, aseme mbele ya uongozi wa kijiji siku atakayoleta jibu, na jambo hilo liandikwe katika daftari la kijiji. Pili, jibu lisomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji, na penye wazee wasiokielewa vema, kwa lugha yao. Kisha liandikwe kwa rangi penye chemchemi au bomba lenyewe: tarehe, kiasi cha floridi, na neno moja, kama yafaa kunywewa au ni ya kufulia na mifugo tu. Tatu, achukuapo maji, mtaalamu afuatane na mkulima na mama wa kijiji hicho, wamwonyeshe na kumwuliza, naye awaonyeshe na kuwauliza. Nne, kipimo kirudiwe kiangazi na masika. Tano, shule za msingi zifundishe habari hii kwa hesabu ya ndoo, kwa sababu mtoto aliyeifahamu huibeba nyumbani bila posho.

Kwa wale wasemao kwamba watu wa kijijini hawataelewa mambo ya kemia, tuna neno moja la historia. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru katika ardhi yao ya Ngarenanyuki ili kuwapa walowezi. Watu hao, wakulima na wafugaji, walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, akasema shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Walielewa mikataba, mipaka na udhamini, kwa sababu palikuwa na kitu chao hatarini. Leo hatarini pana miguu na meno ya wajukuu wao. Watu walioweza kulifikisha shauri la ardhi New York wataweza kuielewa namba moja na nukta tano, mradi mtu apande mlima kuwasomea.

Nanyi wakulima msingoje kubembelezwa. Aulizaye anayo haki. Akija mtu na chupa, mkaribisheni, mpeni kiti, mwonyesheni chemchemi zote, hata zile mnazozionea haya. Kisha mwulizeni: jibu letu ni siku gani? Siku hiyo ikipita bila jibu, atumwe mjumbe hadi mlangoni pa maabara, naye asiondoke mikono mitupu.